Mwalimu Mpya, Deni la Bodi Si la Kukukimbiza

Mwalimu wa shahada anayeanza kazi Tanzania, kama alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), hupokea hati yake ya kwanza ya mshahara ikiwa tayari ina mstari wa makato ya HESLB. Katika ofisi ya walimu atapata ushauri wa namna mbili kabla hajamaliza muhula. Wapo watakaomwambia ajibane alipe upesi, amalizane na Bodi, ndipo aanze maisha. Wapo watakaomwambia asihangaike, Bodi itajikatia yenyewe, yeye achukue mkopo benki ajenge kama wenzake. Ushauri huu unapingana, lakini kosa lake ni lilelile: unatazama ukubwa wa deni bila kuuliza bei yake. Ninachotaka kumshawishi mwalimu mpya ni kwamba, kwa sheria ilivyo sasa, deni la Bodi ndilo deni la bei nafuu kuliko yote atakayowahi kuwa nayo. Aliache likatwe kwa mwendo wake, naye nguvu zake zote za miaka miwili mitatu ya mwanzo azielekeze kuulinda mshahara unaobaki usimezwe na madeni ya bei kali.

Hofu iliyopo juu ya deni hili ilikuwa na sababu zake. Bodi iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005. Kwa miaka mingi deni lilikuwa linaongezwa tozo ya asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha, na makato ya mwajiriwa yalikuwa asilimia 8 ya mshahara kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 kuyapandisha hadi asilimia 15. Chukua deni la shilingi 12,000,000. Asilimia 6 yake ni 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa msingi wa 700,000 akikatwa asilimia 8 anatoa 56,000. Ina maana anakatwa kila mwezi na deni linakua. Walimu waliopita humo wana haki ya kuzungumza kwa uchungu, na ndio wanaowafundisha vijana kuiogopa Bodi. Lakini kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo hiyo ya asilimia 6, ikakoma kuanzia Julai mwaka huo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikaondolewa. Kilichobaki juu ya fedha uliyokopeshwa ni ada ya usimamizi ya asilimia 1. Leo kila shilingi inayokatwa inapunguza deni lenyewe, na kwa kuwa bei za vitu hupanda mwaka hadi mwaka na deni halipandi nazo, shilingi utakayolipa mwaka wa nane itakuwa nyepesi kuliko ile uliyolipa mwaka wa kwanza.

Sasa kaa na hati ya mshahara mkononi uisome mstari kwa mstari, maana walimu wengi hutazama tarakimu ya mwisho tu. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu, mshahara wa msingi wa 700,000. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, ambayo ni 35,000. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye 665,000 zilizobaki: 270,000 za kwanza hazitozwi, kiasi cha kuanzia hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8, na kinachozidi hapo hadi 760,000 kinatozwa asilimia 20, jumla ni 49,000. Bima ya afya ya asilimia 3 ni 21,000. Ada ya chama cha walimu ya asilimia 2 ni 14,000. Bodi, asilimia 15, inachukua 105,000. Makato yote ni 224,000 na mkononi zinabaki 476,000. Ni kweli mstari wa Bodi ndio mnene kuliko mingine, na ndiyo sababu unauma macho. Lakini ndio mstari pekee kati ya hiyo mitano ambao utakuja kufutika ungali kazini. Kwa kasi hiyo ya 105,000, milioni 12 zinaisha katika miezi 115, kama miaka tisa na nusu, na muda huo utafupika wenyewe mshahara ukipanda kwa sababu makato yanafuata asilimia.

Hatari iko kwenye namba ambayo haikuandikwa kwenye hati. Utumishi wa umma una kanuni kwamba makato yote kwa pamoja yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi ya 700,000 ni 233,333. Wewe unayeshika 476,000 unaziona kama fedha za kula, kodi ya nyumba na nauli; ofisa mikopo anaona kama 240,000 zilizo wazi, zinazoweza kukatwa kila mwezi bila kuvunja kanuni. Ndiyo maana mwalimu mgeni hajakaa vizuri kituoni kabla ya kufikiwa na watu wenye fomu. Akiijaza nafasi hiyo yote kwa mkopo wa miaka 6 wenye riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua, atapewa kama milioni 11 na atarejesha milioni 17 na laki mbili na ushei. Zaidi ya milioni 6 ni riba. Kwa miaka hiyo sita ataishi kwa 236,000 kwa mwezi. Linganisha na milioni 12 za Bodi ambazo zitarudi zikiwa milioni 12. Anayeliogopa deni la Bodi na kulikaribisha la benki amepotoka kwenye hesabu, na hesabu hii inafanywa kwa kalamu na karatasi kwa robo saa.

Na huo mkopo wa benki bado una heshima yake: una mkataba, una msimamizi, una mwisho. Chini yake kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Namna yake inajulikana katika kila mji mdogo wenye shule na benki. Mwalimu anahitaji 500,000 leo. Mkopeshaji anampa, anachukua kadi ya benki na namba ya siri, na tarehe ya mshahara anatangulia yeye kwenye mashine ya kutolea fedha. Riba ikiwa asilimia 20 kwa mwezi, 100,000 zinaondoka kila mwezi kama riba tupu. Baada ya miezi mitano umeshatoa laki tano nzima na bado unadaiwa laki tano ileile. Mwezi wa pili fedha zilizobaki hazitoshi, unakopa tena kwa huyohuyo, naye kadi haijatoka mfukoni mwake. Mikopo ya kwenye simu ni njia nyingine ya kufika hapohapo, na wakopeshaji wengine hukimbilia orodha ya majina iliyo kwenye simu yako kuwatangazia ndugu na wakuu wako wa kazi kwamba unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kubonyeza kukubali, tafuta kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na ukiona riba inatajwa kwa wiki au kwa siku, funga simu. Kadi ya benki na namba ya siri usimpe mtu yeyote kama dhamana, hata awe jirani mwema kiasi gani. Mshahara ukishakuwa chini ya kidole cha mtu mwingine, ushauri wowote wa fedha hauwezi tena kukufikia.

Kwa nini mwalimu msomi anaingia humo? Jibu rahisi la kwamba vijana hawana nidhamu ya fedha silikubali. Miezi ya mwanzo ya ajira ina pengo la kweli. Umepangiwa halmashauri ya mbali. Unatakiwa kuripoti ndani ya muda. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Huna godoro wala jiko. Mshahara wa kwanza unaweza usitoke mwezi uleule ulioripoti kwa sababu taarifa zako hazijaingia kwenye mfumo. Na nyumbani habari za ajira zimeshafika, kwa hiyo simu zimeanza. Pengo hili lina muda mfupi, lakini deni linalochukuliwa kuliziba linaweza kudumu miaka. Ndiyo maana maandalizi muhimu kuliko yote hufanywa kabla ya kuripoti. Uliza halmashauri kuhusu fedha za kujikimu na nauli unazostahili kama mwajiriwa mpya, tunza tiketi na barua zako, na fuatilia kwa maandishi. Uliza kama shule ina nyumba ya mwalimu au chumba cha kuchangia na mwenzako. Ukilazimika kukopa kwa ajili ya kuanza, kopa kwa ndugu au mlezi kwa kiasi kidogo chenye tarehe ya kurudisha, kwani deni la mjomba haliongezeki likilala. Vyombo vya ndani vinunuliwe kimoja kimoja. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kabati mwaka wa kwanza.

Kuhusu simu za nyumbani nitasema wazi, kwa sababu makala nyingi za fedha hupita pembeni. Kumsaidia mama aliyeuza mahindi ili usome ni wajibu, na sitamshauri mtu aukimbie. Lakini wazazi wengi wanajua cheo cha mtoto wao na hawajui mshahara wake. Wanaposikia "mwalimu wa serikali" wanafikiria mtu mwenye uwezo. Hawajaona zile 224,000 zinazoondoka kabla hajagusa kitu. Safari ya kwanza ya likizo, chukua hati ya mshahara uwaoneshe. Kisha tamka kiasi utakachotuma kila mwezi bila kukosa, tuseme 50,000, na ukitume hata kabla hujaombwa. Kiasi kidogo kinachofika kila mwezi kinampa mzazi utulivu wa kupanga, na kinakupa wewe neno la kusema ombi la ghafla likija: cha mwezi huu kimeshakuja, hiki kingine tukipange mwezi ujao. Anayeahidi kikubwa kwa aibu ndiye anayeishia kwa mwenye kadi.

Wapo watakaonipinga kwa methali: dawa ya deni ni kulipa. Nakubaliana nayo, na Bodi inalipwa kila mwezi bila kukosa. Ninachokataa ni kuharakisha deni lisilo na riba huku ukiacha nyumba bila akiba. Tuseme umejibana ukapata 50,000 za ziada kila mwezi. Ukizipeleka Bodi, makato yanakuwa 155,000 na milioni 12 zinaisha kwa miezi kama 78 badala ya 115. Umewahi miaka mitatu, ni kweli, ila hujaokoa hata shilingi moja ya riba, kwa kuwa riba haikuwepo. Zile 50,000 zikienda kwenye SACCOS ya watumishi, yaani chama chao cha akiba na mikopo, baada ya miaka miwili una 1,200,000 za kwako, na SACCOS nyingi hukopesha mara mbili au tatu ya akiba ya mwanachama kwa riba ambayo kausha damu haiwezi kuikaribia. Mtoto akilazwa usiku, fedha uliyoilipa Bodi mapema haitarudi kukusaidia. Ile ya akiba itakuwepo. Wapo pia ambao kwao deni ni jambo la dini na dhamiri, na kulala nalo kunawanyima amani. Hao siwabishii. Nawaomba tu waweke kwanza akiba ya matumizi ya miezi miwili au mitatu, wamalize deni lolote lenye riba, halafu wailipe Bodi kwa kasi wanayotaka wakijua kwamba fedha zinazorejeshwa ndizo zinazokopeshwa tena kwa wanafunzi wanaokuja nyuma yao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wenzetu wote walijenga kwa mkopo wa mshahara, na asiyekopa hajengi. Kuna ukweli humu. Mshahara wa mwalimu haukusanyiki kirahisi, na kiwanja kilichonunuliwa mapema katika mji unaokua kinaweza kuzidi riba. Sisemi usikope benki kamwe. Nasema usikope kabla hujathibitishwa kazini, jambo ambalo kwa kawaida huja baada ya miezi 12 ya majaribio. Usikope kabla hujaishi mwaka mzima na mshahara wako ukajua unakwenda wapi. Na usijaze nafasi yote ya theluthi. Mwenye 240,000 zilizo wazi akikubali makato ya 120,000 amebaki na pa kushika ugonjwa au msiba ukija. Fedha ya mkopo iingie kwenye kitu kimoja kinachoonekana na chenye hati, isigawanywe kati ya kiwanja, harusi ya kaka na simu mpya. Na mwaka wa tatu, ofisa mikopo akikupigia kukuambia umebakiza kidogo na unaweza kuongezewa, muulize swali moja: mkopo huu mpya utanifanya nilipe hadi mwaka gani? Wapo walimu wanaokaribia kustaafu wakiwa bado kwenye mkopo walioanza nao ujana, uliokuwa ukiongezwa kila ulipokaribia kwisha.

Haya yote yanamhusu aliyekwisha kupata ajira serikalini. Aliyehitimu na bado anasubiri nafasi kwenye mfumo wa ajira, au anafundisha shule binafsi kwa mshahara mdogo, yuko mahali pengine. Sheria inatoa miezi 24 baada ya kuhitimu kabla marejesho hayajaanza kudaiwa. Muda huo ukiisha ukiwa huna kipato, usijifiche. Mkopo wako una mdhamini uliyemwandika mwenyewe kwenye fomu, mara nyingi mzazi au ndugu, na taarifa za wadaiwa sugu hupelekwa kwenye kanzidata ambazo benki huzitazama mtu akija kukopa. Omba namba ya kumbukumbu ya malipo ulipe kile unachoweza, hata kidogo, ili rekodi yako ionyeshe mtu anayelipa. Ukiwa shule binafsi, mweleze mwajiri kwamba wewe ni mnufaika, kwa sababu sheria inamtaka aiarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu kukuajiri na kuwasilisha makato yako ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Wapo waajiri wanaokata na hawapeleki. Utawajua kwa njia moja tu: kuomba taarifa ya deni kutoka Bodi na kuilinganisha na hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Bodi inakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Tarakimu moja ikikosewa, fedha zako zinaweza zisionekane kwako. Fanya ulinganisho huu angalau mara moja kwa mwaka na uhifadhi hati zote, hata za shule uliyoiacha.

Msomaji wa Kenya asichukue ushauri huu mzimamzima. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya huko, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeacha kulipa baada ya muda wa kusubiri hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kwa kila mwezi. Mwalimu aliyeanza kama mwanagenzi katika sekondari msingi kwa posho ya shilingi 20,000 hawezi kuivumilia faini hiyo hata kidogo. Robo nzima ya posho ingekwenda huko bila kupunguza deni. Kwake hatua ya kwanza ni kuwasiliana na HELB mapema akubaliane kiasi anachoweza kulipa, ili faini isianze kuhesabu. Kanuni ya kupanga madeni kwa bei yake ni ileile pande zote za mpaka. Bei ndizo zinazotofautiana.

Kwa mwalimu wa Tanzania aliyekwisha weka akiba, asiye na deni lenye riba, upo wakati wa kuisogelea Bodi kwa nguvu. Malimbikizo ya kupandishwa daraja yakitoka kwa mkupuo, au posho ya kusimamia na kusahihisha mitihani ikipatikana, sehemu yake inaweza kupelekwa huko, hasa salio likiwa limebaki la mwaka mmoja au miwili. Siku salio litakapokaribia sifuri, anza kufuatilia miezi michache kabla: omba taarifa ya mwisho, omba barua ya kumaliza deni, ipeleke kwa ofisa utumishi wa halmashauri, na mwezi unaofuata tazama kama ule mstari umeondoka. Ukikuta bado umekatwa, iandikie Bodi kudai kilichozidi ukiambatanisha hati za miezi husika. Na zile 105,000, ambazo miaka yote hiyo hukuwahi kuzishika, ziandikie maelekezo benki au SACCOS kabla ya mshahara wa kwanza usio na makato hayo, zihamie akiba siku ileile mshahara unapoingia.